Jeneza la Mwezini Lapita Mkata

Kwa miezi mitatu Hamisa aliuza mahindi ya kuchoma huku akiomboleza. Basi likisimama pale Mkata, anakimbia na beseni hadi dirishani, anapokea hela, anarudisha chenji, na basi likiondoka anaendelea pale alipoishia: mwanangu mmemwita mzigo, mimi nilimbeba miezi tisa sikuhisi uzito. Siku moja abiria aliyemsikia akampa pole. "Pole ya nini?" Hamisa akamwambia. "Kula mahindi yako. Mwanangu yuko Korogwe anashona viti vya magari."

Maombolezo hayo yalikuwa mistari kumi na minne, ya mwisho kabisa katika mchezo wa kuigiza, na ilikuwa yake peke yake. Katika kikundi cha maigizo cha Mkata alikuwa amekaa miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo alipewa mama mkwe mkorofi, au mgonjwa asiyetaka kulalia chandarua. Mama mkwe anasema sentensi mbili, watu wanacheka, anaondolewa. Hata alipokuwa darasa la sita, siku walipokuja wageni shuleni, ngonjera yake ilikatwa katikati kwa sababu pilau ya wageni ilikuwa inapoa. Alimaliza la saba, akarudi shambani, mihogo ikamzeesha mikono, lakini ile ngonjera haikumtoka rohoni. Alitaka mara moja tu maishani aseme jambo mbele za watu hadi nukta ya mwisho, pasipo mtu kumkatiza.

Aliyemletea mistari hiyo ni Mwalimu Frank, kijana wa Dindira aliyesomea sanaa chuo kikuu. Alikuja na mchezo alioutunga mwenyewe kwa mtindo wa tanzia za Wayunani wa kale: mtawala mkaidi, mama anayelia, na kundi la wazee wanaoona kila kitu wasifanye lolote. Ila yeye aliupeleka mwezini, miaka mia tatu mbele. Huko mwezini watu wamejaa, udongo ni haba, na sheria ya mtawala inasema maiti hazizikwi, zinatiwa kwenye roketi zikarushwe gizani. Mama anataka kumzika mwanawe. Anashindwa. Roketi inaruka. Ndipo anawageukia watazamaji na kuwasuta kwa mistari kumi na minne.

"Kwa nini iwe mwezini?" Hamisa aliuliza siku ya kwanza.

"Ili watu wajione kwa mbali, mama."

"Sisi tuko hapa hapa, mwalimu. Tujione kwa mbali tumegombana na nani?"

Frank alicheka, akaandika kitu kwenye daftari lake. Ndivyo alivyokuwa. Kila Hamisa alichosema alikiandika, na kila alichokiandika hakukifuata.

Waliazima helmeti za bodaboda, wakazivika foili ya kufungia chakula ili zing'ae. Fundi baiskeli Zaidi, aliyeigiza mtawala, akiivaa yake hasikii kitu. Kila ikifika zamu yake ya kusema, Hamisa alilazimika kumpiga kiwiko. Gauni la Hamisa lilikuwa foili tupu kutoka shingoni hadi miguuni, na jua la Mkata halina huruma. "Ukija kunitoa humu," alimwambia Frank, "njoo na chumvi, nitakuwa nimeiva."

Hayo aliyavumilia. Kilichomtoa jasho la hasira ni jeneza. Wiki moja kabla ya onyesho Frank aliamua kwamba, kabla ya kutiwa kwenye roketi, jeneza lizungushwe kati ya watazamaji waliokaa.

"Mwalimu, usilipitishe mbele ya wanaume wa hapa," Hamisa alimwambia. "Jeneza likipita hawakai."

"Ndani ni gunia la pumba, mama."

"Hata liwe tupu."

"Watu wanajua kutofautisha sanaa na maisha."

"Wanajua. Na bado hawatakaa."

Frank akaandika. Hamisa akajiuliza kama huko kwao Dindira watu hawazikani, au ni chuo kikuu kilichomfutia hayo.

Onyesho lilikuwa Jumamosi saa kumi, uwanja wa mpira, kando ya barabara kuu. Watu walijaa hadi nyuma ya magoli. Roketi ilikuwa tangi la maji lililosimamishwa na kuvikwa foili, na hakuna aliyelicheka, jambo lililomshangaza Hamisa. Zaidi alitoa amri zake vizuri. Mbele kabisa alikaa Mzee Mhina, aliyekata mkonge Mazinde ujana wake wote, na kila mtawala alipofungua mdomo mzee alinong'ona kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Huyu ana laana."

Kisha waigizaji wanne wakanyanyua jeneza, nalo limevikwa foili, mabegani, wakaanza kupita kati ya watu.

Mzee Mhina aliweka fimbo yake chini. Akasimama, akasogea, akaingiza bega. Nyuma yake wakasimama watatu, kisha kumi, kisha upande mzima. Walipokezana kama wanavyopokezana siku zote: wa mbele anaachia, wa nyuma anasogea, anayengoja anapata hatua zake chache. Kufumba na kufumbua, waigizaji wanne walikuwa wamebaki na helmeti kichwani na mikono mitupu.

"Mzee, huu ni mchezo," Frank aliita kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Tunajua ni mchezo, mwalimu. Hatujalala." Mzee Mhina hakupunguza mwendo.

"Sasa mnalipeleka wapi?"

"Linakopelekwa."

Wakalipita tangi bila kulitazama. Zaidi aliwaamuru warudi, kwa maneno ya mtawala kama yalivyoandikwa, mara mbili. Mara ya tatu akavua helmeti, akaitupa, akawakimbilia, akatia bega. Jeneza likavuka mstari wa uwanja na kushika njia ya makaburini, kwa ule mwendo wa haraka haraka.

Hamisa akakunja gauni lake la foili awafuate. Mwanaisha, muuza mchicha wa jirani yake, akamdaka mkono.

"Unakwenda wapi? Wanawake hatuendi huko."

"Nina mistari yangu, Mwanaisha."

"Utaisema. Kaa kwanza."

Wakamkalisha kwenye khanga. Mmoja akamvua helmeti, mwingine akaleta maji. Hamisa akawaambia hajafiwa. "Tunajua," wakamwambia, na wakaendelea kumshika mikono. Alipoona wanaume hawarudi, akaamua kuwasemea hao hao waliopo. Mstari wa kwanza wakamwitikia, "Kweli kabisa." Wa pili, "Mwambie huyo." Wa tatu bibi mmoja akauliza marehemu alikuwa na umri gani. Wa nne basi la Arusha likapiga honi kuanzia mwanzo wa uwanja hadi mwisho.

"Nyamazeni basi nimalize," Hamisa alisema.

"Hatuwezi kukuacha ulie peke yako," Mwanaisha akamjibu.

"Silii. Nasema."

"Haya, sema, mama," wakasema wote pamoja, naye akashindwa kukumbuka wa tano.

Nusu saa baadaye wanaume wakarudi na jeneza lao. "Hatukuzika," Mzee Mhina alimweleza Frank huku akijipangusa. "Pumba tukizika, kuku watatushitaki. Tumelifikisha hadi ukingoni tukalirudisha. Lakini kurushwa, hapana. Sasa endeleeni."

Wakaketi. Frank, aliyekuwa bado kwenye kiti chake na kitabu cha mchezo mapajani, akasema waendelee kana kwamba roketi imesharuka. "Mama, mistari yako."

Hamisa akasimama. Pakawa kimya kweli, kimya alichokitafuta tangu darasa la sita. Hata barabarani hakukuwa na gari. Akaanza, na mistari ikaja yenyewe, mmoja ukivuta mwingine, sauti yake ikifika nyuma ya magoli. Wa kumi na moja. Wa kumi na mbili. Akafika pale pa kuwasuta kwa kukaa kwao: na ninyi mlioketi mkatazama mwanangu akipita.

Mdomo ukamgoma. Mzee Mhina alikuwa anajikanda bega. Mashati ya wanaume yalikuwa yamenasa vipande vya foili, kila mmoja upande wake. Zaidi, mtawala mzima, alikuwa na vumbi hadi magotini. Kati ya hao hakuna aliyeketi jeneza lilipopita. Miezi mitatu amebeba maneno hayo, na wa kuambiwa hawapo. Hasira ikampanda, asijue hata ni ya nani.

Akageukia kiti cha plastiki.

"Na wewe uliyeketi ukatazama mwanangu akipita," akamwambia Frank, taratibu, "usiseme kesho kwamba hukuwepo."

Frank akaangalia kitabu, akapitisha kidole mstarini kutafuta ilipoandikwa hivyo.

"Jibu, mwalimu," Mzee Mhina akasema. "Ni wewe unayeambiwa."

Ndio ukawa mwisho. Hakuna aliyepiga makofi. Nani anapiga makofi msibani? Watu wakainuka, wakaja kwa mstari, wanaume kwanza, wanawake baadaye, wakampa Hamisa mkono. Pole, mama. Pole sana. Mungu akupe subira. Alizipokea zote, moja moja, foili ikimwasha shingoni, akingoja atokee hata mmoja wa kumwambia kama alisema vizuri.