Tonge Kabla ya Habari

Nakumbuka safari moja, mwanangu, wakati wa Mwingereza, basi letu lilipokwama matopeni pale Mwabungo hata tukafika Tiwi usiku mkubwa. Nilikuwa msichana wa maswali mengi. Nilimsindikiza shangazi yangu, Bi Mwanaisha, kutoka Msambweni kwenda Mombasa. Mumewe alikuwa mgonjwa huko, na shangazi hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

Dereva akasimama penye mgahawa wa makuti wa Bi Mwanakombo, mjane aliyewapikia wasafiri. Karabai ilikuwa ingali ikiwaka. Shangazi akaketi, akasema hana njaa. Mimi nikaenda uani kunawa mikono, na huko nikamkuta Athumani, mdogo wake mume wa shangazi, ameketi kando ya baiskeli iliyojaa mchanga. Nikastaajabu. Athumani anakaa Mombasa. Hapa anatafuta nini usiku huu? Na mbona haingii ndani kumsalimu shemejiye?

"Shikamoo, ami. Mgonjwa hajambo?"

"Marahaba," akajibu, akainamisha uso.

Nikafungua kinywa kuuliza tena. Bi Mwanakombo akanitia mikononi sahani ya wali na mchuzi wa papa.

"Mpelekee shangazi yako. Na hili uliloliona, mwanangu, liache hapa uani."

Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyofunzwa, na swali lilikuwa likiniwasha ulimini. Lakini macho ya mama yule yaliniziba kinywa. Akaja akakaa na shangazi, wakaulizana koo, mpaka ikabainika kuwa nyanya zao walikuwa majirani kule Bongwe. Shangazi akala tonge, kisha jingine. Hata akacheka. Nami nilitafuna huku nikiutazama mlango wa uani, na polepole moyo ukaanza kunielewesha, nikamchukia yule mama kwa kile kicheko.

Shangazi alipokwisha kunawa, Bi Mwanakombo akamshika mkono, akamwita Athumani.

"Shemeji," akasema Athumani. "Inna lillahi. Kaka ametutoka alasiri. Nilikuwa nikija kwako."

Shangazi hakupiga kelele. Alimwegemea mama yule, akalia mpaka kanga ikalowa. Abiria wote wakangoja, hakuna aliyemhimiza dereva.

Kabla ya kupanda basi nikamwuliza Bi Mwanakombo, "Mbona ulimwacha acheke?"

Hakukasirika. "Habari hii ataibeba eda nzima, na baada ya eda. Mimi ya mume wangu ilinikuta na njaa, nikaanguka hapo mlangoni. Sikumficha, mwanangu. Nilimpa nguvu ya kusikia."

Na kweli, shangazi hakula tena chakula cha maana mpaka matanga yalipoanuliwa. Lakini aliingia msibani kwa miguu yake mwenyewe, akawapokea waliokuja kumpa pole.

Basi nakuusia, mwanangu: uliza, kwani asiyeuliza hupita kipofu duniani. Lakini kila neno lina wakati wake. Kabla hujalidai jibu, mtazame atakayelibeba, kama ana nguvu za kulibeba. Ukiona hana, mpe kwanza cha kumsimamisha, kisha umwambie kweli yote, usimpunguzie.

Mola akupe moyo wa kutaka kujua na ulimi wa subira, akufikishe salama kila uendako. Amina.