Tulivyomtafutia Mama Mkwe Vikapu vya Mvuke

Safari hii ilitokana na kicheko. Baba mkwe wangu, Mzee Ngasa wa Nkoma, alipofariki, mdogo wake Mzee Luhende alisimama kwenye matanga akasema kaka yake alikuwa mkulima hodari wa pamba na mtu asiye na makuu, ila kwa uongo wa Wachina hakuwa na mpinzani hadi Shinyanga. Watu wakacheka mpaka wengine wakajifuta machozi, maana kila mtu pale alikuwa ameusikia uongo wenyewe.

Enzi za ujana wake mzee alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya kusini, ile ya kwenda Zambia, na mpishi mmoja wa kambi ya Wachina alimpenda. Aliporudi Nkoma alisimulia, na hakuacha kusimulia, kwamba watu wale siku za sikukuu hukaa meza moja, wazee kwa watoto, wakaletewa vikapu vidogo vyenye vifuniko, kimoja juu ya kingine, vikifuka mvuke. Ndani mna vifurushi vya unga mwembamba hata nyama unaiona kwa nje. Chai hunywewa kwanza, haina sukari. Na miguu ya kuku, alisema, hupewa wakubwa kwa heshima, watoto wakala nyama.

Hapo pa miguu ya kuku ndipo alipojiponza. Kwetu mguu wa kuku ni wa mtoto anayezubaa jikoni, na mtu mzima kuuguguna mbele za watu ni kituko. Wakamwita Mchina, na jina hilo akazikwa nalo.

Mama mkwe hakucheka siku ya matanga. Lakini miaka yote alikuwa amecheka pamoja na wengine, na hilo ndilo lililomkaa moyoni. Wiki chache baadaye alimwambia mke wangu Kabula, "Nataka kujua kama nilikaa na mwongo. Kama alikuwa mwongo, sawa, nitamlilia hivyohivyo. Kama hakuwa, basi mimi ndiye nilimkosea."

Wakati huo soko huria lilikuwa limeshatufikia, sisi tukiwa bado mkoa wa Shinyanga. Pamba ilinunuliwa na watu binafsi, malori mageni yalipita hadi vijiji ambavyo zamani vilipitiwa na ng'ombe tu, na mimi fundi redio wa Bariadi nilikuwa naletewa redio za aina ambazo sijawahi kuzifungua. Dereva mmoja wa lori la pamba, akisubiri nimtengenezee redio yake, aliniambia kwamba Mwanza, nje kidogo ya mji, kuna Wachina wamefungua mgahawa na wanauza mikate inayopikwa kwa mvuke ndani ya vikapu. Mtaa hakuukumbuka. Nikamwambia Kabula, Kabula akamwambia mama yake, na mama yake akafunga mzigo siku hiyohiyo.

Kabla sijaendelea, jambo moja lazima nilieleze, maana safari yote ililizunguka. Kwetu, kwa watu wa zamani, mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele yake. Si chuki. Kumwona mama mkwe akitafuna ni sawa na kumkuta anaoga. Vijana wa mjini wameliacha, mama mkwe hajaliacha, na mimi kwa ajili yake sijaliacha. Kwa hiyo tulichokitafuta hakikuwa vikapu tu. Tulitaka mahali ambapo bibi kizee, mke wangu, mapacha wetu Kulwa na Doto waliokuwa na miaka saba na mikono isiyotulia, na mimi nisiyetakiwa kuonekana, tungeweza kula sote siku moja.

Alfajiri tuliondoka Bariadi na lori la yule dereva, limepakia marobota ya pamba. Mama mkwe aliketi mbele na Kabula na watoto. Dereva alimsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," naye akaitikia na kuuliza mara moja kama miguu ya kuku aliiona. Dereva akasema yeye aliona vikapu tu. Mimi nilipanda juu, nikajilaza kwenye marobota.

Sijawahi kusafiri vile tena. Chini yangu pamba ilikuwa laini na ina joto, juu anga lilikuwa linageuka kutoka kijivu kwenda rangi ya maziwa, na mbuga pande zote hazikuwa na mwisho. Ng'ombe walisimama kwenye ukungu bila miguu, migongo tu, kama vile wanaelea. Nikawa nasinzia na kuamka, na kila nilipoamka nilidhani ninamwona Mzee Ngasa kijana, amelala juu ya mzigo wa reli, anarudi kwao na habari ambazo hajui kwamba hazitaaminika. Nilimwonea huruma kiasi kwamba nililia kidogo. Juu ya lori hakuna anayekuona.

Lamadi tulikunywa chai. Mama mkwe alikunywa ndani ya lori, mimi nyuma ya lori, tukiwa tumegeuziana migongo. Doto akazunguka kutoka huku kwenda huku kutupelekea maneno. "Bibi anauliza kama bado mbali." Nikamwambia aseme bado. Akarudi. "Bibi anasema hata ikiwa mbali, twende."

Magu tulivuka daraja la mto Simiyu jua likiwa kali, na alasiri mawe makubwa ya Mwanza yakaanza kujitokeza, yamekaa juu ya mengine. Mama mkwe hakuwahi kuyaona. Alimwambia Kabula kwamba kama Mungu anaweza kupanga mawe namna ile, kupanga vikapu si kazi kwa mtu. Tukalala Igoma, nyumba ya wageni, vyumba viwili.

Siku ya pili asubuhi tulianzia Kirumba, tulikoelekezwa na mwenye nyumba ya wageni. Palikuwa na picha ya joka mlangoni, na nikafurahi mapema. Ndani ilikuwa baa. Muziki ulipigwa mpaka bilauri zilitetemeka mezani, na mhudumu akatuambia mwenye joka alishauza mahali pale, sasa panauzwa bia na kitimoto, nyama ya nguruwe. Mama mkwe alisimama mlangoni akaangalia walevi wa asubuhi, akasema kwa upole, "Hapa Ngasa asingeleta mtu." Tukatoka.

Saa saba tulikuwa Nyegezi. Huko tulikuta mgahawa safi kweli, na Mchina mwenyewe yupo, amevaa shati jeupe. Lakini chumba kilikuwa kimoja na meza ndefu moja katikati, iliyokaliwa na maofisa. Nikamuuliza kama anauza vikapu vya mvuke. Akanionyesha wali na kuku wa kukaanga kwenye karatasi ya vyakula, akaninyooshea kidole mstari mmoja baada ya mwingine, kila mmoja wali. Nikaulizia na mahali pa kumkalisha mama. Akaangalia mapacha, ambao tayari walikuwa wameshika uma wa mtu, akatikisa kichwa. Nilipotoka nilikuwa na hasira, kusema kweli. Nilihisi kijiji kizima kinanicheka mimi sasa. Ila yule mtu akanifuata hadi nje, akasema, "Vikapu, Pasiansi. Nyumba ya kijani. Mama mmoja anapika."

Siku ya tatu ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani ukafunika Pasiansi yote. Tulitembea kwa miguu tukiuliza nyumba ya kijani, na nyumba zote zilionekana zina rangi ya maji. Kulwa ndiye aliyeiona. Haikuwa na bango, ila mlangoni kilichorwa chungu chenye moshi. Ndani palikuwa na joto na harufu ya unga unaoiva, na meza tatu, na hakukuwa na mteja mwingine.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke wa Kichina, mfupi, wa makamo, mikono imejaa unga. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kinatosha. "Karibuni. Watu watano? Kaa meza kubwa."

Nikamweleza kwamba mama asinione nikila, na mimi nisimwone.

Akatuangalia mmoja mmoja. "Mmegombana?"

"Hapana," nikasema. "Tunaheshimiana."

Akaingia chumbani kwake, akatoka anaburuta pazia la mbao la kukunja, lile la kubadilishia nguo. Akalisimamisha katikati ya chumba. Upande mmoja mama mkwe, Kabula na watoto. Upande wa pili mimi peke yangu na birika la chai. "Sasa heshima ipo?" akauliza. Mama mkwe akashukuru kutoka upande wake, "Wabeja sana, mama. Ipo."

Chai haikuwa na sukari. Upande wa pili nilimsikia mama mkwe akinong'ona, "Moja." Vikaja vikapu, kimoja juu ya kingine, vina vifuniko. "Mbili." Mwenye nyumba akafunua, mvuke ukapanda hadi darini, na nikasikia Doto akisema nyama inaonekana, bibi, inaonekana. Mama mkwe hakuhesabu tena. Nilikula vifurushi vyangu polepole, vinateleza, vina kamba wa baharini na tangawizi ndani, na chumba kilikuwa cheupe kwa mvuke kiasi kwamba nilihisi tuko kwenye simulizi la mzee lenyewe, tumeingia ndani yake na mlango umefungwa.

Ndipo mwenye nyumba alipopita mbele yangu na sahani moja, akaipeleka upande wa pili, akasema, "Hii ya mama mkubwa. Watoto, nyie nyama." Sikuona ni nini. Lakini kulikuwa na kioo kikubwa ukutani ambacho hakuna aliyekifikiria, na mvuke ulipopungua nikamwona mama mkwe ndani yake. Alikuwa ameshika mguu wa kuku kwa vidole viwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni na alikuwa anakula, anamung'unya kila kidole cha ule mguu kwa uangalifu, kama mtu anayetimiza agizo.

Ilinipasa nigeuze uso. Sikugeuza. Akainua macho, yakakutana na yangu kwenye kioo. Hakuacha kutafuna. Mimi ndiye niliyeangalia chini kwenye chai yangu, na nikabaki hivyo mpaka tulipoondoka. Njiani hakuna aliyelitaja jambo hilo.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi, kama kawaida ya kurudi. Tulishuka Bariadi, na keshoye tukapanda baiskeli na gari la pamba hadi Nkoma kumrudisha mama mkwe kwake. Habari ilikuwa imetangulia. Jioni, jua likiwa bado lipo, ndugu walijaa uani. Wanaume walikaa kwenye vigoda upande wa zizi, wanawake upande wa jikoni, na mama mkwe akasimulia kutoka kule mlangoni mwa jiko. Akasema yote, chai, vikapu, unga mwembamba, na miguu ya kuku.

Wakacheka. Walicheka kwa upendo, lakini walicheka. Mzee Luhende akapiga goti lake. "Shemeji naye amerithi. Kaka hakufa na uongo wake."

Kulwa na Doto wakasema ni kweli. Akawaambia wao wamefundishwa njiani. Akanigeukia mimi. "Baba Kulwa, wewe si mtu wa maneno mengi. Shemeji alipewa miguu ya kuku?"

"Alipewa," nikasema.

"Kupewa si kula. Hata mimi ukiniwekea mawe mezani nimepewa. Aliila, akaletewa kama mkubwa wa meza? Uliona kwa macho yako?"

Kila mtu pale alijua jibu ninalotakiwa kutoa. Mkwe huwa hajaona. Ningesema sikuwa karibu, wangecheka kidogo, wangeenda kula, na mama mkwe angebaki mjane wa mwongo na mwongo mwenyewe. Nikamtazama. Alikuwa amejifunika khanga hadi kwenye nyusi, na hakunisaidia kwa ishara yoyote.

"Nilimwona," nikasema. "Alikula mbele ya macho yangu. Alimung'unya kidole kimoja kimoja."

Mwanamke mmoja akashika mdomo. Hakuna mwanamume wa kwetu anayetunga aibu ya namna hiyo na kujipaka mwenyewe, na wote walilijua hilo. Mama mkwe akashusha khanga usoni. "Aliniona," akasema. "Na mimi nilimwona ananiona."

Nilikwenda Mwanza nikidhani vikapu ndivyo vitakavyosema. Havikusema kitu. Kilichoaminika ni aibu yetu mimi na mama mkwe, tulipoiweka uani watu wakaiona.

Mzee Luhende alivua kofia yake akaiweka gotini. Kisha akabeba kigoda chake, akavuka ua kutoka upande wa zizi hadi upande wa jikoni, jambo ambalo wanaume hawafanyi, akakaa mbele ya mama mkwe.

"Anza tena, shemeji," akasema. "Taratibu. Safari hii sicheki."

Mama mkwe akaanza. Hakuanzia Pasiansi wala kwenye lori. Alianzia kambini, kwenye reli ya kusini, na maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Ngasa aliniambia."