Sahani za Bi Mwanaidi

Mie ni mwoga wa watu, lakini kwenye gemu yangu ya simu, ile ya kijiji cha wanyama, nina marafiki tele. Hata Kiboko mnunaji nilimpata kwa kumpelekea zawadi kila siku. Akikurudishia yake unapata moyo mmoja, na mioyo minne ni urafiki kamili.

Tulipohamia Tabata sikuwa na rafiki hata mmoja, na jirani yetu Bi Mwanaidi alikuwa amenuna kuliko yule Kiboko. Nikaanza kumpelekea maandazi ya mama kimyakimya. Sahani ikarudi na kachori, kesho yake visheti, kisha sambusa. Moyoni nikawa nashangilia.

Jana akaja mwenyewe kupiga hodi, sahani ina ndimu mbili.

"Mama Rehema, mwambie mwanao anihurumie! Sahani ya mtu hairudi tupu, na mie unga umeniishia."

"Kumbe maandazi yangu yanaendaga huko!" mama akang'aka.

Bi Mwanaidi akanigeukia. "We mtoto, ukitaka soga njoo mikono mitupu."

Badala ya kuomba radhi, nikaropoka: "Kwa hiyo ndimu nazo ni moyo wa nne?"