Kifaransa cha Unyayoni

Siku hizi suruali huja zimeshonwa tayari na lugha huja zimo kwenye simu, kwa hiyo anayemjua fundi wa kona ile lazima awe ameshaota mvi. Wanamwita Mkasi. Kifaransa alijifunza ujanani, kwa redio, huku anashona. Mwalimu wa redioni alikata vitenzi vipande vipande, naye akamfuata kwa kanyagio la cherehani: nu, par, lon, yaani ‘tunasema’. Kila silabi na mkanyago wake. Penye herufi zisizotamkwa, mguu ulitulia.

Ndivyo alivyomfundisha mjukuu wake, binti aliyetaka kazi ya mapokezi hotelini. Babu aliketi kwenye cherehani yake, binti kwenye ile ya marehemu bibi.

“Ils parlent, wao husema,” binti alisoma. “Il, par, lent…”

“Umetoa pindo nje. Hiyo ‘ent’ hukunjwa ndani, ipo lakini haionekani. Il, parl. Rudia, mke wangu.”

“Nitakuacha, Babu. Nikaolewe na mwenye meno.”

“Meno ya nini? Kifaransa hutokea puani.”

Siku ya usaili binti alirudi mchana, akajibwaga juu ya vitambaa.

“Nilipoanza kujibu, mguu nao ukaanza kupiga sakafu. Yule mama anayehoji akaniuliza kama naumwa. Nikauzuia. Mguu ukatulia, na maneno yakakauka.”

“Wamekukataa?”

“Wamesema nirudi kesho asubuhi. Nikishindwa, basi, hakuna tena.”

Mkasi alitaka kuilaumu hoteli, wahojaji, na zama hizi zisizojua ufundi. Badala yake aliburuta kiti hadi katikati ya chumba.

“Tazama nitakavyosema. Mguu haumo kabisa.”

Akaketi, akavuta pumzi. Nu… kisigino kikainuka. Akalishika goti kwa mikono miwili. Nu, tra… Akapotea. Miaka yote hiyo aliwatambia wateja kwamba Kifaransa kimo kichwani mwake. Kumbe kimo unyayoni.

Binti hakucheka. Alitoa simu, ile ambayo babu yake aliiita kasuku. Sauti ya mwanamke ikasema “nous travaillons”, tunafanya kazi, kwa mkupuo mmoja, laini, kama nguo isiyo na mshono.

“Wanaunganisha mno,” Mkasi alinung'unika. “Siku hizi hakuna anayekata.”

“Ndivyo wanavyosema, Babu. Nishike miguu.”

Mzee alishuka kwenye kiti kwa taabu, magoti yakilia, akaketi sakafuni na kuzikamata nyayo za mjukuu wake. Simu ikasema, binti akafuatisha. Kila miguu ilipotaka kuruka, aliibana. Aliisikia ikishindana na viganja vyake, kwa ukaidi uleule aliouzoea kwenye mguu wake mwenyewe, na kwa kitambo alitamani ishinde. Kisha ikaanza kulegea, kidogo kidogo, na huko juu binti akaendelea kusema.