Siku Walipokuja Kumzika Baba

Nilisikia kabla sijaona kitu: pu, pu, pu, jembe kwenye udongo uliolowa, mahali fulani ndani ya ukungu, chini ya barabara. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la Mbinga na kushika njia ya miguu kwenda Mbuji, na ukungu wa Machi ulikuwa mzito kiasi kwamba sikuviona hata viatu vyangu. Nikasimama. Mtu aliyekulia kule haulizi ni sauti gani. Ni mwanamke anafunika ngoro, na mimi mara moja nikawa mtoto tena, nimeloa hadi magotini.

Kama hukukulia milima ile, rafiki yangu, nikueleze kidogo. Shamba la kwetu limesimama karibu wima, na mvua ingelibeba lote hadi ziwani kama wazee wasingebuni ngoro. Mwanaume hufyeka majani na kuyalaza yakikatana, mfano wa matundu ya wavu. Mwanamke huchimba udongo katikati ya kila tundu na kuyafunika majani yale. Katikati hubaki shimo la kumeza maji, na juu ya kingo hupandwa maharage. Mwanaume analaza, mwanamke anafunika. Siku zile za Mwingereza hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwetu hapakuwa na wa kulaza. Baba alipanda lori la manamba kwenda kukata mkonge Tanga, kutafuta kodi, nami nilikuwa sijang'oka jino hata moja. Wenzake walirudi na mablanketi mapya, yeye hakurudi. Mmoja wao alisema alimwona akibebwa kupelekwa hospitali, anatetemeka kwa homa, na baadaye kitanda chake kambini kikapewa mtu mwingine. Zaidi ya hapo hakujua.

Mama alikuwa mtu wa ziwani, wa Kihagara. Wauza dagaa walipopanda mlima na vikapu vyao, aliwakaribisha kama dada zake, na siku hiyo nyumba yetu ilinuka ziwa mpaka kesho yake. Kila alfajiri, kabla ya kupuliza moto, alipiga magoti karibu na mafiga, akamwomba Mungu. "Baba, mume wangu umwone. Asante." Hakuongeza neno. Kisha alipuliza moto, na moshi ukatutoa machozi sote.

"Mbona unashukuru na hajarudi?" nilimuuliza siku moja.

"Nimeshamwambia. Amesikia."

"Kasema nini?"

"Hilo ni lake. Lete kuni."

Mimi nilichukua jibu hilo kama ahadi. Kwenye mafundisho niliwaambia wenzangu mbele ya katekista kwamba baba yangu yuko njiani. Niliamini kwa ukali, kama mtoto aliyeahidiwa nguo ya Krismasi.

Lakini ukoo ulikuwa umechoka kusubiri. Mtu wa kwetu akipotelea mbali haachwi bila kaburi. Hukatwa shina la mgomba, likaviringishwa mkekani, likaliliwa na kuzikwa kama yeye. Mjane hunyolewa nywele, na ndugu wa marehemu humrithi. Aliyepaswa kumrithi Mama ni baba mdogo, naye tayari alikuwa na mke. Alikataa kutulazia majani. "Majani ya marehemu hulazwa na mrithi," alisema. Ilibidi Mama akubali kabla ya kupanda maharage, la sivyo tungelala njaa mwaka ule.

Mama akaomba maneno yake yale yale. Kisha akachukua nyengo ya Baba, ile yenye ncha iliyopinda, akaenda kufyeka mwenyewe. Akayalaza majani mwenyewe.

Wanawake wa jirani walikuwa wakipita na mitungi kwenda mtoni. "Shikamoo, baba," mmoja akamwambia, na wenzake wakacheka.

"Marahaba, wanangu," Mama akajibu bila kuinua kichwa.

"Ndevu zitaota lini?"

"Zikianza nitawaita mje mzihesabu."

Nilicheka pia, lakini usiku wangu haukuwa na kicheko. Nilijua watu wa ukoo watakuja.

Walikuja asubuhi ya ukungu. Kwanza ulitokea mkeka, umebebwa na wanaume wawili, na ndani yake shina la mgomba likidondosha maji. Nyuma yao alifuata baba mdogo na wembe. Nyuma kabisa alikuja Bibi, mama yake Baba, akishikilia kiuno. Waliuweka mkeka uani.

Baba mdogo alitazama mteremko. "Shemeji, umelaza vibaya. Mvua kubwa ikija, yote yatakuwa bondeni."

"Inawezekana, shemeji."

"Basi tumwachie huyo Mungu wako aamue. Yakishika, narudi kwangu. Yakibomoka, unanyolewa."

Kubali, nilisema kimoyomoyo, kubali, tutashinda.

"Mungu si jogoo wa kupiganishwa," Mama alisema.

Akapiga magoti kwenye tope, mbele ya lile shina. "Baba, mume wangu yuko mikononi mwako, akiwa hai au akiwa amekufa. Na mimi nimo humo humo. Asante."

Akiwa amekufa. Sikuwahi kusikia maneno hayo kinywani mwake. Miaka yote ile nilidhani Mama anajua Baba yu hai, kumbe hakujua kitu. Alimjua tu yule aliyemwomba.

Alisimama, magoti yamejaa tope, akamgeukia Bibi. "Mama, kama unahitaji kumlilia, mzike. Nitasaga unga wa wageni. Lakini sirithiwi, na kichwa changu hakiguswi."

Baba mdogo alifungua wembe. Bibi akanyoosha kiganja chake na kuudai, na baba mdogo akampa. Nilishika kaniki ya Mama kwa mikono yote miwili, maana Bibi alikuwa anakuja kwetu.

Alikaa chini, miguuni pa Mama, akavua kitambaa cha kichwani.

"Ninyoe mimi," alisema. "Nimechoka kumlilia mwanangu kwa vipande. Leo nimlilie mzima."

Mama alimnyoa polepole. Nywele nyeupe zilianguka kwenye mapaja ya Bibi, naye akaanza kulia, na baba mdogo akalia, na shina la mgomba likazikwa kando ya mibuni kama mtu.

Baba hakurudi, wala habari yake haikufika. Mvua kubwa ilipokuja, kingo nyingine zilibomoka, nyingine zikashika, na tulikula maharage machache mpaka mahindi. Bibi hayupo tena, Mama hayupo. Siku hizi wauza dagaa wanakuja kwa basi, hakuna tena anayezika mgomba, na vijana wa pale walinitazama tu nilipouliza kaburi liko wapi. Kuna asubuhi naomba jambo na sioni dalili yoyote, na bado namaliza kwa asante.

Ninaloliona wazi zaidi ni jioni ya siku ile. Wageni walikuwa wametawanyika. Baba mdogo aliingia ndani, akaketi kwenye kigoda cha Baba, akanyoosha miguu kuelekea motoni. Mama alisimama wima, mwiko mkononi.

"Umeshiba, mwanangu?" Bibi aliuliza kutoka kwenye kona yake, kichwa kikimeremeta.

"Nimeshiba, Mama."

"Basi nenda. Mkeo amepika."

Alimtazama Bibi, akamtazama Mama. Akainuka. Kwenye kizingiti alisema, "Kesho nitakuja nirekebishe yale majani."

"Karibu, shemeji," Mama alisema. "Uje mchana."

Akatoka, na Mama akafunga mlango.