Kioo cha Barazani kwa Mjomba

Hasira yangu kwa mjomba haijaisha, na sina haraka ya kuimaliza. Mimi ni fundi wa vioo, mwanamke, nina karakana yangu Kihonda. Yeye ni kaka wa mama yangu, na kwetu Uluguru mjomba akishasema, wengine hunyamaza.

Alikuwa amejenga nyumba mlimani, na baraza lake lilitokeza juu ya mteremko wa migomba. Badala ya ukuta akataka kioo kirefu kigandishwe kwa nje kwenye nguzo za chuma, bila fremu, kama alivyoona kwenye majengo ya Dar. Akaniuliza gundi gani itafaa. Nilifurahi kijinga kwamba ameniuliza mimi.

Sikumjibu hapohapo. Nilichukua vipande viwili vya chuma nikavigandishia vipande viwili vya kioo. Chuma kimoja nilikiachia rangi yake nyekundu ya kuzuia kutu, nikatumia gundi ya silikoni ya kuzibia sinki, ile yenye harufu ya siki. Kingine nilikikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakifuta kwa spiriti, nikakikausha kwa kitambaa kingine safi, nikapaka dawa ya kushikisha gundi, kisha nikatumia silikoni ya majengo, ambayo haina siki. Nikaviacha wiki tatu vikomae. Halafu kila kioo nikakifunga kamba ya ndoo ya maji, nyuma ya karakana, vinyeshewe na vipigwe jua.

Ndoo ya kwanza ilianguka kabla ya mwezi kuisha. Gundi ilikuwa imeshika rangi barabara, ila rangi ndiyo iliyobanduka kwenye chuma, na chini yake kutu ilikuwa imeanza kula. Ndoo ya pili inaning'inia mpaka leo, naitumia kunawia mikono.

Nilikitungua kile cha pili kwa siku moja tu, nikambebea mjomba vipande vyote viwili mpaka kwake. "Shikamoo mjomba." "Marahaba." Nikamweleza kila kitu, na kwamba hata gundi nzuri inahitaji ukingo wa chuma wa kukibeba kioo kwa chini. Alicheka mpaka akakohoa. "Gundi ni gundi, mwanangu. Nyie mafundi mnapenda kukuza mambo."

Niliondoka kwenda Dakawa kufunga madirisha, na huko nikasikia kwamba kuna fundi mwingine barazani. Nikampigia mjomba simu. "Shikamoo mjomba. Naomba wasigandishe juu ya ile rangi." Akasema kioo tayari kimegandishwa, na kimependeza. Mjukuu wake alikuwa anakaribia kutimiza siku arobaini, shughuli ilikuwa inakuja, na yeye hakuwa tayari kungojea gundi ikauke kwa mwendo wangu.

Siku ya arobaini nilifika asubuhi. Harufu ya siki ilinipokea mlangoni. Kioo kilikuwa kimesimama, kinang'aa, milima yote imo ndani yake. "Shikamoo mjomba," nikamwambia pembeni, taratibu, ili nisimwaibishe. "Wanawake wasikae upande ule." Alinitazama kama mtu anayesubiri mbu aondoke. Kisha akaagiza mikeka itandikwe pale pale, kwenye upepo.

Kila mwanamke wa kwetu akikaa kwenye mkeka hutafuta pa kuegemeza mgongo. Mjomba hakuliwaza hilo, wala yule fundi wake, kwa sababu wanaume walikuwa wamewekewa viti. Mama yangu akaja na kitoto kimefunikwa khanga, akajishusha polepole kwa ajili ya magoti yake, akaegemea. Nikaiona kona ya juu ya kioo ikiachana na nguzo, upana wa kidole.

Sikumbuki kuvuka baraza. Nakumbuka nimemshika mama mkono na kumvuta kwa nguvu ambayo mtoto hamvutii mzazi wake, na kitoto kikalia. Nikachungulia chini, hapakuwa na mtu kwenye migomba. Nikaweka viganja viwili kwenye kioo nikasukuma.

Hakikunipa hata shida! Kiliondoka na ukanda mrefu wa rangi nyekundu umening'inia kwenye gundi, kikapasuka kule chini na kusambaa kama punje za mahindi. Mjomba aliniita mwendawazimu, akanifukuza mbele ya wageni wote. Hakuna aliyenitetea, hata mmoja, na mikeka ilikuwa bado imetandikwa ukingoni pasipo na kitu.

Mwezi uliofuata alituma mtu kuniita, hakuja mwenyewe. Nilikwangua, nikafuta, nikaweka ukingo wa chini, nikagandisha, nikabana wiki tatu. Siku hizi anawaambia wageni kwamba yeye alikataa gundi ya sinki tangu mwanzo. Anasema nikiwa nimesimama hapo hapo na kikombe cha chai.

Ningeweza kumeza hilo. Nisichoweza kumeza ni mama. Anakaa pale kila akienda, mgongo kwenye kioo changu, yule mjukuu sasa anamrukia mapajani, na bado anasubiri nikamwombe kaka yake radhi.

"Ulikuwa na haki," aliniambia juzi, "lakini ungemwambia kwa adabu."

Nilimwambia mara tatu, mama. Kila mara nilianza na shikamoo.