Mdiria wa Mume Wangu

Mume wangu hajui kusubiri. Nyumbani kwetu Mfaranyaki, chai ikichelewa kidogo tu, ameshavaa viatu na kutoka. Ndiyo maana sikuamini macho yangu siku tulipofuatana na wapiga picha za ndege kwenda kwenye vinamasi vya upande wa Namtumbo. Alikuwa amestaafu karibuni, akanunua kamera, akaniomba nimsindikize.

Tulipita msituni hadi ukingoni mwa maji. Kiongozi wa msafara alinyoosha kidole kwenye matete, akanong'ona kwamba mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayevua samaki, hupenda kutua pale. Mume wangu akapiga goti kwenye tope. Jua likapanda, mbu wakamuuma, naye hakutikisika. Uso wake ulikuwa mpole kama siku za uchumba wetu. Wivu ukanishika.

"Baba watoto," nilisema kwa sauti, "mimi uliwahi kunisubiri hivi?"

Mdiria, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametua, akaruka na kupotea. Wenzetu wakaguna. Mume wangu alinitazama, kisha akasema taratibu, "Wewe nilijua utakuja tu."

Nilijua ananibembeleza, lakini jibu lilinipendeza. Hata hivyo, mdiria aliporudi mchana na picha ikapatikana, mume wangu akaja kunionyesha kwa furaha, nikamwambia ni ndege wa kawaida tu. Kusema kweli, alikuwa mzuri kuliko nilivyotaka awe.